Chemsha Bongo Kuhusu Uganda: Maswali Yasiyo na Tarehe (Sehemu ya Pili)

Chemsha bongo ni jina ambalo wasemaji wa Kiswahili wamelipa shindano la maswali ya maarifa ya jumla, yaani maswali mafupi yanayochotwa katika historia, jiografia, siasa, michezo na muziki, ambayo mshindani hutakiwa kuyajibu kwa kumbukumbu yake peke yake, bila kufungua kitabu wala kuchungulia simu. Mjini Kampala mchezo huu, ambao asili yake ni baa za Uingereza, huchezwa jioni katika baa na mikahawa, ambamo washindani huketi kwa timu ndogo, kila timu na meza yake, wakagawiwa karatasi na kalamu, na mtoa maswali akasoma kila swali kwa kipaza sauti mara mbili kabla ya kwenda kwa linalofuata. Duru ikiisha, timu hubadilishana karatasi ili kila moja isahihishe kazi ya wenzake, na hapo ndipo ubishi huanza, kwa sababu msahihishaji anayemnyima mpinzani wake alama moja hulazimika kueleza kwa nini.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilionyesha udugu uliopo kati ya mchezo huo na vitendawili, ambavyo huko pwani hufunguliwa kwa mwito wa “Kitendawili!” na kuitikiwa “Tega!”, na katika Buganda hufunguliwa kwa “Koyi koyi!” na kuitikiwa “Lya!”. Tofauti moja, hata hivyo, ni kubwa kuliko mfanano wote huo. Jibu la kitendawili limo mikononi mwa mtegaji na jamii iliyomfunza, kwa hiyo aliyeshindwa hutoa mji, akapewa jibu, na mambo yakaisha. Bali jibu la chemsha bongo limo katika kumbukumbu za matukio yaliyotokea kweli, na aliyenyimwa alama ana haki ya kukata rufaa kwenye kumbukumbu hizo. Ndiyo maana mtoa maswali hana budi kuyajua mambo yanayolizunguka jibu lake, si jibu lenyewe tu, na katika maswali yanayohusu Uganda jambo linalosahauliwa mara nyingi kuliko yote ni tarehe. Nchi hii ilibadilishiwa mipaka, majina na aina ya utawala mara nyingi katika muda usiozidi miaka 80, hata swali lenye jibu moja kwa mwaka fulani likawa na jibu jingine kwa mwaka uliofuata.

Mfano ulio bora ni ule wa reli. Swali lililozoeleka huuliza Reli ya Uganda ilifika Uganda mwaka gani, na jibu linalosomwa kwa kawaida ni 1931, likifuatwa na maelezo kwamba Waingereza waliita reli hiyo kwa jina la nchi ambayo haikuigusa kwa miaka 30. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka wa 1896, na mnamo Desemba 1901, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900 kupitia nyika ya Tsavo, nyanda za juu na Bonde la Ufa, vyuma vyake vilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mahali palipopewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa njia hiyo. Mahali hapo leo ni Kisumu, na kwa kuwa Kisumu iko Kenya, watu huhitimisha kwamba reli iliishia Kenya.

Hitimisho hilo linaisoma ramani ya leo juu ya mambo ya jana. Uganda ilipotangazwa kuwa himaya ya Uingereza mwaka wa 1894, yaani nchi iliyowekwa chini ya ulinzi na amri ya dola nyingine bila kuitwa koloni, mpaka wake wa mashariki haukuwa ulipo sasa. Jimbo lake la Mashariki lilienea kutoka ziwani, likapanda nyanda za juu za magharibi ya Kenya ya leo na kushuka katika Bonde la Ufa hadi sehemu za Naivasha. Ardhi hiyo yote ilihamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, tarehe 1 Aprili 1902, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa hii hii ya reli, kwamba ilifaa njia nzima iwe chini ya utawala mmoja. Kwa hiyo siku ile reli ilipofika ziwani, Kisumu ilikuwa Uganda, na garimoshi lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka wa Uganda tangu lilipokuwa bado katika Bonde la Ufa. Aliyeandika 1901 katika karatasi yake hastahili kukatwa alama, na aliyeandika 1931 naye hakukosea kabisa, kwa sababu ndio mwaka ambao njia nyingine, iliyopitia Eldoret na Tororo na kuvuka Mto Nile kwa daraja la Jinja, ilifika Kampala yenyewe. Kabla ya hapo abiria na mizigo iliyotoka pwani ilishushwa Kisumu, ikapakiwa katika meli za ziwani na kuteremshwa Entebbe au Port Bell. Aliyekosea ni mwandishi wa swali, ambaye angeuliza tu reli iliyotoka Mombasa ilifika Kampala mwaka gani, ubishi usingekuwapo.

Mpaka huo wa zamani umezaa mtego wa pili, ambao huwanasa hata wasomi. Mwaka wa 1903 Joseph Chamberlain, aliyekuwa waziri wa makoloni wa Uingereza na ambaye alikuwa amepita nchi hizo kwa reli mnamo Desemba 1902, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa katika Urusi na Ulaya ya Mashariki wapewe ardhi ya kukaa katika Afrika Mashariki. Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, alilipeleka pendekezo hilo mbele ya mkutano mkuu wa sita wa wafuasi wa harakati hizo, uliofanyika Basel mwezi Agosti mwaka huohuo, na mkutano wa saba ulilikataa mwaka wa 1905. Vitabu huliita pendekezo hilo Mpango wa Uganda, na mtoa maswali akiuliza ardhi iliyokusudiwa ilikuwa katika nchi gani, timu nyingi huandika Uganda bila kusita. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret, ambao ulikuwa umetolewa Uganda mwaka mmoja tu kabla ya pendekezo. Jina lilibaki nyuma wakati mpaka ulikwisha kusogea, na mpaka leo lingali linapotosha.

Swali jingine ambalo halikosekani ni la rais wa kwanza wa Uganda. Katika karatasi za majibu hapa ndipo panapoonekana jina la Obote limepigwa mstari mmoja, juu yake limeandikwa Mutesa, kisha Mutesa naye amekatwa na Obote akarudishwa kwa herufi kubwa, ishara ya meza nzima iliyogombania kalamu. Sababu ya mashaka hayo ni kwamba uhuru uliopatikana tarehe 9 Oktoba 1962 haukuleta rais. Kwa mwaka mzima uliofuata mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Walter Coutts, huku serikali ikiendeshwa na Waziri Mkuu, Milton Obote. Katiba ikabadilishwa, na tarehe 9 Oktoba 1963 Kabaka wa Buganda, Sir Edward Mutesa wa Pili, akawa rais wa kwanza, akiwa na makamu wake Sir Wilberforce Nadiope, Kyabazinga wa Busoga, Kyabazinga likiwa ndilo jina la cheo cha mtawala wa Wasoga kama Kabaka lilivyo kwa Waganda. Urais huo ulikuwa wa heshima, maana yake ni kwamba mwenye cheo alitia saini na kufungua Bunge lakini hakuiongoza serikali.

Mpango huo haukudumu. Mwanzoni mwa 1966 Obote aliisimamisha katiba, mwezi Aprili akajifanya rais mtendaji, yaani rais anayeshika mwenyewe hatamu za serikali, na tarehe 24 Mei majeshi yakaishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo, inayoitwa Lubiri. Mutesa alitoroka, akafia London mwezi Novemba 1969, na mwili wake ukarudishwa mwaka wa 1971 kuzikwa katika makaburi ya wafalme ya Kasubi, ndani ya mipaka ya Kampala. Jamhuri yenyewe, kwa maana ya nchi isiyo na wafalme, ilitangazwa kwa katiba ya 1967. Jibu sahihi la swali kama linavyoulizwa, basi, ni Mutesa, na anayetaka jibu liwe Obote hana budi kuongeza neno “mtendaji”. Neno hilo moja hubeba ndani yake ikulu iliyoshambuliwa, kifo cha ugenini na falme zilizofutwa, na ni vigumu kuelewa kwa nini waandishi wa maswali huliona kuwa la ziada.

Dada yake swali hilo ni la waziri mkuu wa kwanza, na hapa kosa linaumiza zaidi kwa sababu linamfuta mtu. Jibu linalosomwa daima ni Obote. Lakini Uganda ilipata serikali ya ndani, yaani madaraka ya kuendesha mambo yake yote isipokuwa ulinzi na mambo ya nje, tarehe 1 Machi 1962, na siku hiyo aliyekuwa waziri mkuu ni Benedicto Kiwanuka wa chama cha Democratic Party, ambaye chama chake kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa 1961. Alishindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962, akampisha Obote mwisho wa mwezi huo, na kwa hiyo utumishi wake ulikuwa wa miezi miwili. Ufupi wa utumishi si hoja ya kumwondoa mtu katika orodha. Kiwanuka alikuja kuwa Jaji Mkuu mwaka wa 1971, na mnamo Septemba 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, alikamatwa katika Mahakama Kuu mjini Kampala na hakuonekana tena. Mtu aliyepoteza maisha yake katika kiti cha sheria anastahili kutajwa angalau anapokuwa ndiye jibu, na swali likiandikwa “waziri mkuu wa kwanza wa Uganda huru”, Obote atapata haki yake na Kiwanuka hatanyang’anywa yake.

Swali la idadi ya marais lisingefaa kuulizwa kabisa bila kuelezwa namna ya kuhesabu. Wakihesabiwa watu, kuanzia Mutesa, Obote, Amin, Yusuf Lule, Godfrey Binaisa, Tito Okello hadi Yoweri Museveni aliyeshika madaraka mwaka wa 1986, ni saba. Vikihesabiwa vipindi, Obote huingia mara mbili kwa kuwa alirudi mwisho wa 1980, na jumla huwa nane. Na kuna wanaomhesabu pia Paulo Muwanga, aliyeongoza tume ya kijeshi iliyomwondoa Binaisa mwaka huohuo. Lililo salama ni kuuliza la Lule, aliyekaa madarakani siku 68 tu katika mwaka wa 1979, kwa sababu siku hizo zinahesabika.

Likija swali la Mto Nile, tarehe haitoshi peke yake, kwani maneno mawili ya swali lenyewe yana walakini. Mtoa maswali huuliza nani aligundua chanzo cha Nile, na jibu lake ni John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika tarehe 28 Julai 1862 mahali ambapo maji ya ziwa yalimiminika juu ya miamba na kuanza safari yake kuelekea kaskazini, akayaita maporomoko hayo Ripon kwa heshima ya mtu aliyewahi kuwa mkuu wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Neno la kwanza lenye walakini ni “kugundua”. Wenyeji wa hapo walikuwa na jina la mto, ambao kwa Kiganda ni Kiira, na jina la ziwa, ambalo ni Nalubaale, na mji uliokua kando ya maporomoko uliitwa Jinja kutokana na neno la mawe, mawe yaleyale ambayo maji yaliyarukia. Aidha, Speke hakusafiri peke yake, kwa maana msafara wake uliongozwa na watu waliozijua njia, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa nchi ya Wayao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto na kurudi Afrika akiwa mtu mzima. Wafanyabiashara wa pwani nao walikuwa wametangulia kufika Buganda, kwani Ahmed bin Ibrahim aliingia katika baraza la Kabaka Suuna mwaka wa 1844, miaka 18 kabla ya Mwingereza huyo.

Neno la pili ni “chanzo”. Ikiwa chanzo ni mahali ambapo mto unatoka ziwani, jibu ni Jinja. Ikiwa ni kijito kilicho mbali kuliko vyote ambacho maji yake hatimaye huufikia mto, basi mtafutaji huvuka ziwa, akaufuata Mto Kagera kwenda juu, na kuishia katika vilima vya Burundi au msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, ambako nchi mbili hizo kila moja ina chemchemi yake ya kuonyesha. Tena anayekwenda Jinja leo kuyaona maporomoko ya Speke hatayaona, kwa kuwa bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale na ambalo Malkia Elizabeth alilifungua mwezi Aprili 1954, liliyainua maji yakayafunika mawe hayo. Swali lisilo na ila ni la kuuliza ni maporomoko gani yaliyopewa jina na Speke yaliyozama kwa sababu ya bwawa hilo, na uzuri wake ni kwamba jibu lake ni gumu kiasi na halina mpinzani.

Kuhusu mji mkuu inatosha kusema kwa ufupi. Makao ya utawala wa Waingereza yalikuwa Entebbe, jina ambalo kwa Kiganda lina maana ya kiti, hadi uhuru, na Kampala ilichukua nafasi hiyo mwaka wa 1962 ingawa biashara ilikuwa Kampala tangu zamani. Jina la Kampala hutokana na kilima ambapo afisa Mwingereza Frederick Lugard alipiga kambi mwezi Desemba 1890, kilima kilichohusishwa na swala aina ya impala, na “kasozi k’empala” likafupishwa. Kabla ya hapo mji mkuu wa Buganda haukuwa na mahali pa kudumu, kwani Kabaka aliweza kuhamisha ikulu kutoka kilima hadi kilima. Kasubi yenyewe, iliyo miongoni mwa urithi wa dunia tangu 2001, ilikuwa ikulu iliyojengwa na Mutesa wa Kwanza mwaka wa 1882, ikageuka kaburi lake mwaka wa 1884.

Limebaki swali ambalo katika Kampala huulizwa kwa nadra mno, ilhali lingewafurahisha wasomaji wa Kiswahili kuliko yote yaliyotangulia: jina “Uganda” ni la lugha gani? Waganda wenyewe huita mtu Muganda, watu Baganda, lugha Luganda na nchi Buganda. Ni Waswahili, waliozoea kuipa nchi kiambishi cha “u”, kama katika Unyamwezi, Ugogo na Usambara, ndio walioitamka Uganda, na kwa njia hiyohiyo wakasema Usoga na Unyoro. Wazungu walipofika pwani na kuajiri wakalimani na wapagazi wa Kiswahili, walilipokea jina kama walivyolisikia, wakaliandika katika ramani na mikataba, na baadaye wakalitandaza juu ya nchi nyingine zilizounganishwa na Buganda, mpaka likawa jina la Acholi, Ankole, Teso na Karamoja ambako halikuwahi kutamkwa. Kwa hiyo neno lililo juu ya kila pasipoti ya nchi hii ni la Kiswahili.

Hapo hufuata swali la idadi ya lugha rasmi, ambalo nalo lina tarehe zake. Katiba ya 1995 ilitaja Kiingereza peke yake. Marekebisho ya 2005 yakakiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika kwa namna ambayo Bunge litaweka kwa sheria. Na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukitumia Kiswahili kama lugha rasmi ya jumuiya. Timu itakayoandika “moja” itakuwa imejibu swali la mwaka wa 2004, na msahihishaji wake atakuwa na haki ya kuinyima alama.

Sehemu ya tatu itaingia katika viwanja vya michezo, na wasomaji wanaombwa kulifikiria kwanza swali hili, bila kufungua kitabu: mwanamichezo wa Uganda alipata medali ya Olimpiki kwa mara ya kwanza katika mwaka gani? Walio wengi wataandika 1972, mwaka ambao John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi huko München kwa sekunde 47.82 na kuweka rekodi ya dunia. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza. Swali halikuuliza dhahabu.